VPN ya ofisi: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Mwanza

Kazi yangu ni kuunganisha ofisi za watu: SACCOS, zahanati, maduka ya jumla, wanunuzi wa samaki wenye vituo visiwani. Maswali haya nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora niyaandike, niwe namtumia mtu badala ya kurudia. Sikuyapanga kwa ukubwa. Yamekaa jinsi yanavyokuja.

VPN ya ofisi ni kitu gani hasa?

Ni njia ya mtu aliye nje kuingia kwenye mtandao wa ofisi kana kwamba amekaa kwenye meza yake, bila watu wa katikati kusoma anachopitisha. Seva ya hesabu iko Kirumba, mhasibu yuko Nansio kule Ukerewe. Anawasha programu, anajithibitisha, na daftari la mauzo linafunguka kama vile waya wa ofisi umevutwa chini ya ziwa hadi kwenye kompyuta yake.

Fikiria mzigo unaotumwa kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi kwenda Bukoba. Ukiwa kwenye mfuko wa nailoni, kila anayeushika anaona kilichomo. Ukiwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na funguo ziko kwako na kwa mpokeaji tu, kondakta anaona jina la mtumaji, jina la mpokeaji na uzito, basi. VPN inafanya hivyo kwa kila kipande cha data: inakisimba kisisomeke, inakitia ndani ya kipande kingine, kisha juu yake inaandika anwani ya ofisi. Ruta ya ofisi inafungua na kukipeleka ndani.

Angalia hapo kwenye kondakta. Kampuni ya simu bado inaona kwamba umewasiliana na ofisi, saa ngapi, na data kiasi gani. Kilichomo haikioni. Anayekuuzia VPN kwa kukuambia "hutaonekana kabisa" anakudanganya.

Mbona kwenye simu yangu nina VPN ya bure? Si ni hiyo hiyo?

Jina moja, kazi mbili. Ile ya simu inakutoa nje kupitia seva ya mtu usiyemjua, na tovuti unazotembelea zinaona anwani yake badala ya yako. Ya ofisi inakuingiza ndani kwako mwenyewe, kwenye mashine zako. Kwa ile ya bure umehamisha imani yako kutoka kampuni ya simu ukampa mgeni, na mgeni huyo ana gharama za seva ambazo lazima azirudishe kwa njia fulani. Kazi ya ofisi isipite humo.

Ni halali Tanzania?

Ni halali, ila ina utaratibu. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitoa tangazo kwamba watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN zitoe taarifa kwake, pamoja na anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, ambazo zinakataza kutumia au kusambaza nyenzo za kufikia maudhui yaliyozuiwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Ushauri wangu ni mfupi: sajili. Ofisi inayounganisha wafanyakazi wake na seva yake haina cha kuficha, na fomu ni kazi ya nusu saa. Wanaosumbuka ni wale wanaosubiri kuulizwa.

Kuna sheria nyingine ambayo watu hawaifikirii wakisikia neno VPN: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kama una majina na namba za wanachama wa SACCOS, au kadi za wagonjwa, unawajibika kuzilinda hata zinapokuwa njiani. Daktari anayefungua kadi za zahanati kwa waifai ya hoteli bila ulinzi wowote anakuweka wewe mwenye zahanati pabaya.

Kwa nini nisifungue tu mlango kwenye ruta, mtu aendeshe kompyuta ya ofisi akiwa nyumbani?

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Fundi anaambiwa "bosi anataka kuingia akiwa Dar", anafungua kwenye ruta mlango namba 3389 wa RDP, ile njia ya Windows ya kuendesha kompyuta kwa mbali, anaondoka na hela yake, na kweli bosi anaingia. Lakini dunia nzima nayo inabisha hodi hapo hapo. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta mlango huo ulio wazi, kisha zinajaribu paswedi moja baada ya nyingine bila kuchoka. Nimefungua kumbukumbu za kompyuta moja ya duka la vifaa vya ujenzi huku Nyakato nikakuta majaribio ya kuingia yamejaa ukurasa baada ya ukurasa, sekunde chache kati ya moja na jingine. Majina waliyojaribu: admin, administrator, user, cashier. Paswedi ya mle ndani ilikuwa jina la duka na mwaka. Hawakuwa wameipata bado. Bahati tu.

Hata paswedi ikiwa ngumu, programu yenyewe inaweza kuwa na tundu. Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro ya RDP iliyopewa jina BlueKeep, ambayo mtu aliweza kuingilia bila paswedi kabisa. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba walitoa kiraka hadi cha Windows XP, mfumo waliokwisha kuutelekeza tangu 2014.

Ukiweka VPN, mlango huo hauonekani kutoka nje. Mtu anapita kwanza kwenye VPN, ndipo anauona. Ukitumia WireGuard, aina mojawapo ya VPN, hata VPN yenyewe haimjibu asiye na ufunguo. Anabisha, kimya, anadhani hakuna nyumba.

Nichague aina gani?

Kwa ofisi ndogo inayoanza leo, WireGuard. Iliandikwa na Jason Donenfeld, ikaingizwa kwenye kiini cha mfumo wa Linux, toleo 5.6, Machi 2020. Msimbo wake wakati huo ulikuwa mistari kama 4,000 tu, kwa hiyo wakaguzi waliweza kuusoma wote. Ruta za MikroTik, ambazo zimejaa kwenye ofisi za hapa mjini, zinaikubali tangu toleo la 7 la mfumo wao, RouterOS. Kila kifaa kina jozi ya funguo: wa siri unabaki kwenye kifaa, wa wazi unapewa ruta.

OpenVPN, aina nyingine, imekuwepo tangu 2001 na bado ni nzuri. Faida yake kubwa ni kwamba inaweza kupita kwenye mlango 443 kwa TCP, mlango na njia ile ile ya tovuti za kawaida, hivyo inapenya kwenye waifai za hoteli zinazozuia vingine vyote. IPsec, aina ya tatu, ndiyo utakayoikuta kwenye vifaa vya benki na mashirika makubwa. Mkiunganishwa nao, hamtaulizwa mnapenda nini.

PPTP, aina ya zamani, msiitumie. Ninaiandika kwa sababu bado ninaikuta kwenye ruta za zamani. Usimbaji wake ulivunjwa hadharani 2012.

Ofisi inatumia ruta ya laini ya simu. Fundi amesema VPN haiwezekani. Ni kweli?

Nusu kweli. Anwani za IP za zamani ni chache, hivyo kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya wazi. Ninyi mnaweza kutoka, lakini anayekuja kutoka nje hajui abishe kwa nani. Ni kama nyumba ya wapangaji ishirini yenye sanduku moja la barua. Angalieni anwani ambayo ruta imepewa na kampuni: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mko humo. Lile fungu la 100.64 lilitengwa 2012 kwa kazi hiyo hasa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, ombeni anwani ya kudumu ya wazi. Ni huduma ya wateja wa biashara na ina ada ya kila mwezi. Ya pili, kodini seva ndogo ya wingu, yaani kompyuta ya kampuni nyingine inayofikika kwa intaneti. Ruta ya ofisi inaipigia, mfanyakazi naye anaipigia, wanakutana pale. Kwa WireGuard mnaambia ruta itume salamu kila sekunde 25 ili njia isizibwe kwa kukaa kimya.

Mimi nikiwa na uchaguzi nachukua anwani ya kudumu. Seva ya wingu mara nyingi iko Ulaya, kwa hiyo data ya kutoka Buzuruga kwenda Igogo inapanda ndege kwanza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Wateja wangu wenye seva Ulaya walikaa wakitazamana. Data isiyotoka nje ya nchi haina sababu ya kutegemea waya wa baharini.

Programu inaonyesha "imeunganika", lakini siioni seva. Shida nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana hili lilinisumbua hadi nikaapa.

Mhasibu wa mteja wangu mmoja alikuwa gesti ya Nansio, saa mbili usiku, anataka kufunga hesabu za mwezi. Akanipigia, nyuma nasikia jenereta.

"Kaka, imeandika imeunganika, kijani kabisa. Lakini kule ndani hakuna kitu."

"Pole dada. Fungua kile kidirisha cheusi, andika ipconfig, kisha unisomee namba."

"Mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta moja, nukta arobaini na saba."

Kabla hajamaliza nilishajua. Seva ya ofisi ilikuwa 192.168.1.10. Ruta ya gesti nayo inagawa 192.168.1, kama zinavyotoka kiwandani ruta nyingi. Kompyuta yake ilipoambiwa itafute 192.168.1.10, ikadhani ni jirani wa humo humo gesti. Ikawa inamtafuta vyumbani, wala haikuutia ujumbe kwenye handaki, ile njia ya VPN ya kwenda ofisini. VPN ilikuwa nzima, haikupewa mzigo tu.

Usiku ule alizima waifai ya gesti, akawasha data ya simu yake na kuigawa kwa kompyuta. Simu ilimpa namba za mtaa mwingine, seva ikaonekana. Jumamosi nikaenda kuhamisha ofisi nzima kwenda 10.47.20. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ikawa ya siku nzima, kwa sababu printa mbili na mashine ya kusaini mahudhurio kwa kidole zilikuwa zimeandikwa anwani kwa mkono, na aliyeziandika hakuacha karatasi.

Kwa hiyo, mkifunga mtandao mpya, msikubali 192.168.0 wala 192.168.1. Chagueni kitu kisicho cha kawaida ndani ya fungu la namba zinazoanza na 10. Namba haina bei.

Je, itapunguza kasi na kula bando?

Bando, kidogo sana. WireGuard inaongeza baiti 60 kwenye kila kipande, na kipande kamili ni baiti 1,500. Hiyo ni kama asilimia 4. Vipande vidogo vinaumia zaidi, ila hutaona.

Kasi ni habari nyingine, na mara nyingi lawama inapelekwa pasipo. Kumbuka kwamba kupandisha kwa ofisi ndiko kushusha kwako. Ofisi ikiwa na intaneti inayoshusha kwa kasi lakini inapandisha polepole, aliye nje atateseka hata akiwa na laini nzuri. Kabla ya kununua kifurushi, ulizeni namba ya kupandisha. Wauzaji hawaitaji.

La pili ni aina ya programu. Zile programu za hesabu za zamani zinazofungua faili la data kwenye folda ya pamoja zinaongea na seva mara maelfu kwa kila ukurasa. Ofisini hamlioni kwa sababu waya ni mfupi. Kupitia VPN, kila swali linasafiri na kurudi. Mbaya zaidi, mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Kwa programu hizo, ingieni VPN kisha mwendeshe kompyuta ya ofisini kwa RDP. Hapo inasafiri picha ya skrini tu, kazi inafanyika kule kule. Ukiwa kwenye meli ya Ukerewe na minara ikapotea katikati ya ziwa, WireGuard itaungana yenyewe ukipata mtandao, na utakuta dirisha lako kama ulivyoliacha.

Umeme ukikatika ofisini?

VPN inakufa na ruta. Nunueni UPS, ile betri ya akiba, ya ruta na seva, na mwambieni aliyepo ofisini asiichomekee birika.

Mfanyakazi akiondoka, inatosha kubadilisha paswedi?

Haitoshi, na hapa ndipo ofisi nyingi zinapolala. Nikipewa mfumo wa mtu mwingine niukague, kitu cha kwanza ninaomba orodha ya waliopewa VPN. SACCOS moja ilikuwa na wafanyakazi 9 na akaunti 23. Nilikaa na katibu tukazisoma moja moja. Huyu aliacha kazi. Huyu alikuwa wa mafunzo kwa vitendo. Huyu, "sijui, labda wale wa ukaguzi". Na moja iliitwa "test2".

Akaunti iliyosahauliwa si kitu kidogo. Mei 2021 kampuni ya Marekani, Colonial Pipeline, ilizima bomba lake la mafuta baada ya wadukuzi kuingia kupitia akaunti ya VPN iliyokuwa haitumiki tena lakini haikuwa imefungwa. Paswedi yake ilikuwa imevuja, na hapakuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Walilipa bitcoin 75, wakati huo kama dola milioni 4.4.

Wekeni utaratibu kwamba fomu ya mtu kuondoka haisainiwi hadi fundi aandike saa aliyoufuta ufunguo wake. Kila mtu awe na ufunguo wake kwa kila kifaa. Ule mtindo wa ofisi nzima kutumia akaunti moja inayoitwa "ofisi" unafanya usiweze kumtoa mmoja bila kuwatoa wote, kwa hiyo hakuna anayetolewa. Na wekeni hatua ya pili, ile programu ya simu inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30. WireGuard yenyewe haina kitu hicho, kwa hiyo tarakimu hizo ziwekeni kwenye seva mnayoifikia. OpenVPN inaweza kuziomba mlangoni.

Laptopu ikiibiwa stendi?

Mpigieni fundi kwanza, RB ya polisi baadaye. Kuufuta ufunguo ni kazi ya dakika moja, foleni ya kituoni si ya dakika moja. Diski iwe ilisimbwa kabla, maana VPN hailindi faili lililokwisha kushushwa kwenye kompyuta.

Bosi ataona ninachofanya nyumbani?

Inategemea ilivyopangwa. Kuna kupitisha kila kitu ofisini, hata video zako, na kuna kupitisha ya ofisi tu. Mimi huweka ya pili kwa ofisi ndogo: inaokoa kupandisha kwa ofisi, na inamwachia mtu faragha yake. Benki watakuambia tofauti, na wana sababu. Uliza, ni haki yako kujua ulichofungiwa.

Tuna tawi Musoma. Kila mfanyakazi wa huko awe na VPN yake?

Hapana. Ruta kwa ruta. Ruta ya Mwanza na ya Musoma zinashikana moja kwa moja, wafanyakazi hawabonyezi chochote. Sharti ni kwamba namba za mitandao miwili zisifanane, someni tena habari ya gesti. Na msifungue kila kitu kwa kila tawi. Karani wa stoo ya Musoma hana haja ya kuiona kamera ya ofisi ya mkurugenzi.

VPN itazuia virusi?

Haitazuia. Sanduku la kufuli linabeba chochote ulichoweka ndani, pamoja na kirusi, tena linakipeleka salama hadi kwenye seva. Kompyuta ya nyumbani ambayo watoto wanashushia michezo isiingie kwenye VPN ya ofisi.

Kila kitu chetu kiko kwenye wingu, barua pepe na hesabu. Bado tunaihitaji?

Huenda hamuihitaji. Huduma hizo zina usimbaji wake. Hela ya VPN ipelekeni kwenye hatua ya pili ya kuingia na mafunzo ya wafanyakazi. Najikosesha kazi kwa kusema hivi.

Naweza kumpa kijana yeyote anayejua kompyuta anifungie?

Unaweza, WireGuard si ngumu. Ila siku anayomaliza, akupe paswedi ya ruta kwenye bahasha, nakala ya mipangilio kwenye flashi, na orodha ya funguo na wenye nazo. Vifungie kwenye kabati lako. Mteja mmoja aliniita kwa sababu aliyemfungia alihamia Dodoma na simu haipokei. Tulipanda juu ya kabati ilipowekwa ruta, tukabonyeza kile kitufe cha nyuma kwa kijiti cha kuchokolea meno, taa zikazima, tukaanza moja.